Aliitwa, Hakuitika

Kambi ya visima
Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu tulilelewa hivyo, si kwa sababu moyo umetulia.

Dereva wa lori la dizeli ameniletea barua kutoka kwa Mkuu wa shule yenu. Anasema binti yangu hahudhurii masomo. Asubuhi majina yakiitwa, hayupo. Mwalimu akimsemesha hajibu, anakodoa macho tu kama anayetazama sinema. Mwaka jana alikuwa anakaa dawati la mbele kabisa, leo yuko nyuma ukutani na wale wanaochora magari kwenye madaftari. Halafu mwishoni, kama pilipili juu ya kidonda, Mkuu ameandika: "Hata hivyo, huonekana mara kwa mara katika chumba cha ushauri nasaha."

Chumba chako, Dada!

Mtoto huyu nilimpa jina la Wakili tangu hajaota meno ya pili, kwa sababu ukimkataza jambo alikuuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nani amemnyamazisha? Mtoto wa kike akinyamaza ghafla, kila mzazi anajua anachokiogopa. Kuna mvulana? Kuna mtu mzima mwenye gari? Ana mimba? Mimi niko huku nakula vumbi, nawachimbia watu maji wasiyoyategemea, ili yeye asome. Halafu anakuja kukaa kwako kupiga soga!

Tumetoka tumbo moja. Amekuambia nini? Nataka jibu kwa lori linalorudi. Usinipigie simu, mtandao wa huku unakwaruza tu, naambulia patupu. Andika.

Mdogo wako,
Ngurumo


Chumba cha ushauri nasaha
Tarehe 13 Machi

Mdogo wangu Ngurumo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na nimeisikia, maana hata ukiandika unapiga kelele. Nitakujibu pole pole, kwa sababu naona hujui kazi yangu ni nini, na hilo si kosa lako peke yako. Hata walimu wenzangu wengi hawaijui.

Chumba hiki kilikuwa stoo ya mipira. Bado kinanuka mpira. Nilikiomba mwenyewe kwa sababu mlango wake hauonekani kutoka ofisi ya walimu, na mtoto anaweza kuingia bila kuulizwa amefanya kosa gani. Kuna viti viwili, birika la umeme, na pazia nililoshona mimi. Anayekuja leo anataka kujua achague masomo ya sayansi au biashara. Anayekuja kesho amefiwa. Wa keshokutwa analia tu, halafu anaomba maji ya kunawa uso na kurudi darasani, na hilo nalo ni somo. Hapa si kituo cha polisi, wala si mahali pa kupiga soga.

Kila mmoja, kabla hajaketi, namwambia hivi: utakayosema yatabaki hapa, isipokuwa uhai wako au wa mwenzako ukiwa hatarini. Hapo nitakwenda kwa mkubwa, na nitakuambia kwanza kwamba ninakwenda. Nimewaambia hivyo watoto wa mahakimu na watoto wa wauza maji, na nilimwambia hivyo Wakili, ingawa ni mimi niliyemfunga nepi yake ya kwanza. Kwa kweli, ndugu hapaswi kumshauri ndugu. Ningempeleka kwa mwingine, lakini shule nzima ina mshauri mmoja, naye ni mimi. Basi akiwa ndani ya chumba hiki, mimi si shangazi yake.

Uhai wake hauko hatarini. Hilo nakuambia. Hizo hofu zako nyingine sitasema ndiyo wala hapana, maana nikianza kukukanushia moja moja, utabaki umeshika ile ambayo sikuikanusha.

Jambo moja nililiona kwa macho yangu nje ya chumba, kwa hiyo naweza kulisema. Si kweli kwamba hayupo. Nimepita dirishani asubuhi zaidi ya moja, majina yanaitwa, naye ameketi pale pale, kalamu mkononi. Jiulize mtoto aliyepo anawezaje kuwa hayupo. Mimi nimejiuliza, na nimemuuliza mwalimu wa darasa. Aliniambia, "Mama Mshauri, mimi naita. Asiyeitika hayupo. Nitafanyaje, nikambebe?"

Mvumilie kidogo. Na umwandikie yeye, si mimi.

Dada yako


Kambi ya visima
Tarehe 24 Machi

Dada,

Umeniandikia habari za pazia na birika. Nilikuuliza jambo moja.

Sasa nisikilize. Mimi ndiye baba yake. Hakuna mlango ambao mtoto wangu ataingia kisha mimi niambiwe nisubiri nje. Hayo ya siri ni ya vitabuni mlikosomea. Wewe hukuzaa, Dada. Ungezaa, usingelala ukijua jambo la mtoto halafu mzazi wake halijui. Anayefuga kuku wa mwenzake hajui uchungu wa mwewe.

Mkuu ameniandikia tena. Angalau yeye hazunguki. Ameeleza utaratibu wao: baada ya kila mtihani wanafunzi wanapangwa upya kwa alama, aliyefaulu mbele, aliyeshindwa nyuma. Nimeuona ni utaratibu mzuri. Hata kwenye mtambo wetu, jino lililokwisha makali linang'olewa, linawekwa lingine. Hatulibembelezi.

Kwa hiyo nimeamua. Nimemjibu Mkuu kwamba muhula ukifungwa namtoa shule. Atakwenda kwa mama yake mdogo akajifunze cherehani. Sindano haimwulizi mtu maswali, na yeye hataki kujibu, watapatana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nimechoka na watu, Dada. Hata vijana wa hapa kambini wameanza kunisema: Mzee Ngurumo siku hizi ana kiburi, unamwita haitiki. Nawaitikia wanaoniita kwa heshima. Na narudia, msinipigie simu, si wewe wala mama Wakili.

Ngurumo


Ofisi ya Mkuu wa Shule
Tarehe 29 Machi

Kwa: Mwalimu wa Ushauri Nasaha
Kuhusu: Mwanafunzi mtoro na mkaidi

Mzazi wa mwanafunzi husika ametuarifu kwa maandishi kwamba atamwondoa shuleni mwisho wa muhula. Hata hivyo, kikao cha nidhamu kitakaa kama kilivyopangwa, ili cheti chake cha tabia kiandikwe kwa haki.

Unaagizwa kuwasilisha kwa kikao, kwa maandishi, yote ambayo mwanafunzi huyo amekueleza katika mazungumzo yenu. Ofisi hii haikukupa chumba ili kifiche wakaidi. Aidha, kwa kuwa mwalimu wa jiografia yuko likizo ya uzazi, kuanzia wiki ijayo utashika vipindi vyake. Ushauri unaweza kufanyika wakati wa mapumziko.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nataraji mtalizingatia hilo, wewe na mwanafunzi wako.

Mkuu wa Shule


Nyumbani
Tarehe 6 Aprili

Ngurumo,

Leo sikuelezi kitu. Nimeeleza maisha yangu yote, na tazama nilipofika.

Nilikaa kukujibu lile neno la kutozaa. Nilijaza ukurasa, upande wa mbele na wa nyuma. Yote niliyoyaandika yalikuwa kweli, na mengine yalikuwa makali kuliko la kwako, maana nakujua tangu ukikojoa kitandani na kumsingizia paka. Kisha nikauchana. Usidhani nimesamehe. Ila kuna mtu mwingine anayestahili kusikilizwa kwanza, na nafasi kwenye bahasha ni ndogo.

Mkuu alimwita ofisini akamsomea uamuzi wako, mbele ya mwalimu wa zamu na karani. Alimsomea huku ameinamia karatasi. Mtoto akaja kwangu kuuliza karatasi ile ilisema nini. Ikanibidi mimi ndiye nimwambie, uso kwa uso, kwamba baba yake amemng'oa kama jino la mtambo. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku hiyo.

Tangu nilipoijua siri yake nimekuwa nikimwomba awaambie yeye mwenyewe, nyinyi wazazi wake. Sikumlazimisha. Alikataa, akakataa tena. Siku hiyo akasema, "Shangazi, bora Baba anitoe shule akijua, kuliko anitoe akidhani." Jioni alimwambia mama yake. Kesho yake wakaenda hospitali. Halafu akaandika barua iliyomo humu. Sikumwongezea hata nukta.

Kaa chini ndipo usome.

Dada yako, ambaye hakuzaa


Nyumbani
Tarehe 5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Uliniita Wakili, basi leo najitetea mwenyewe, kwa sababu naona hukumu imetoka kabla ya kesi.

Sina mimba. Sina mvulana. Mwenye gari ninayemfahamu ni dereva wa lori lenu tu, naye ana wajukuu.

Sisikii, Baba.

Haikuja siku moja. Ilikuwa kama mtu yuko chumba cha pili anapunguza redio kidogo kidogo, na mimi nadhani ni wimbo umefika mwisho. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: kengele, ndege, mwalimu wa hesabu. Nilikuwa dawati la mbele, kwa hiyo niliweza kumtazama mdomo. Aliyekaa kando yangu alikuwa ananigusa kiwiko jina langu likiitwa, nami naitika. Kisha nikashuka kidogo kwenye mtihani, wakanisogeza nyuma. Huko nyuma nikasikia kidogo zaidi, nikashuka tena, wakanisogeza tena. Unaona huo utaratibu wao unavyofanya kazi? Ni ngazi ya kushuka tu. Sasa niko ukutani na hakuna wa kunigusa kiwiko. Mwalimu wa darasa anaita majina huku anaandika ubaoni, kisogo ndicho kinachoniita. Nimeandikwa hayupo nikiwa namtazama. Nimefyeka uwanja wote wa mpira kwa ajili ya utoro ambao niliufanya nikiwa nimeketi darasani.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nina shahidi, na shahidi ni wewe. Likizo ya mwisho tulikuwa barazani, akapita mtoto wa fundi viatu, yule asiyesikia, amevaa sare. Ukasema, "Kumsomesha kiziwi ni kujaza maji kwenye pakacha." Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nimekutazama usoni, kwa hiyo hilo nililisikia vizuri sana.

Shangazi aligundua bila mimi kumwambia. Siku moja aliinuka kufunga dirisha huku anaendelea kuongea. Alipogeuka alinikuta namsubiri aanze. Hakunifokea. Aliniomba ruhusa, akageuka tena, akasema jambo. Nikasubiri. Akarudi akakaa karibu, akaniuliza, "Tangu lini?" Hakuna mtu mwingine shule nzima aliyeniuliza tangu lini. Wote waliuliza kwa nini. Na usimkasirikie kwa kukuficha. Kama angekuambia, nisingemwambia tena lolote, wala mtu mwingine yeyote.

Daktari amesema masikio yangu hayatarudi, lakini kuna kifaa cha kuvaa kitakachosaidia, na nikikaa mbele naweza kumaliza shule kama wengine. Kisha akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Mama akasema hakuna. Nikamfikiria Bibi, mama yako, ambaye watu walimwita mjeuri mpaka alipokufa. Kisha nikakufikiria wewe.

Hapa ndipo hoja yangu ya mwisho. Mezani unachagua kiti kinachoelekea watu wote. Unatazama midomo, Baba. Mimi ni mwenyeji wa mchezo huo, namjua mwenzangu. Mama alikuita kutoka uani, hukuitika, akanuna siku nzima akidhani umemchukia. Unasema mtandao wa kambini unakwaruza. Dereva wa lori humpigia Mama akiwa hapo hapo kambini kwenu, amwambie amebeba mizigo gani yetu, na Mama anasema sauti yake inatoka safi kama yuko jikoni.

Kama kumsomesha kiziwi ni kujaza maji kwenye pakacha, je, kumwajiri kiziwi awachimbie watu visima ni nini?

Nina hasira na wewe. Nimeona niiandike, maana nikiisema utatazama pembeni, na ukitazama pembeni hutanisikia.

Nasubiri hukumu.

Binti yako,
Wakili


Chumba cha ushauri nasaha
Tarehe 8 Aprili

Kwa: Mkuu wa Shule

Mheshimiwa,

Uliniagiza nikuletee aliyoniambia mwanafunzi. Sikuleti. Nakuletea aliyoniruhusu nikuletee, yeye na mama yake, pamoja na barua ya daktari. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kazi yangu yote, na kwa kuwa umeniajiri kwa kazi hiyo, ningependa uijue.

Mtoto huyu hasikii. Si mtoro. Si mkaidi. Ulininukulia methali, na mimi mwalimu mzee nazipenda methali, lakini lazima zitumiwe panapofaa. Hakukataa kusikia la mkuu. Hakulisikia. Aliyevunjika guu hapa ni shule, inatembea inachechemea na kumpiga mtoto kwa fimbo ya kutembelea.

Tumemsogeza nyuma kila aliposhindwa kusikia. Tumemwita kwa visogo vyetu. Tumemfyekesha uwanja. Na wakati mtu mmoja tu katika jengo hili alipomgundua, ofisi yako ikamgawia mtu huyo vipindi vya jiografia. Nitavifundisha, sikatai, mito na milima naijua. Lakini niambie nani atakuwa chumbani wakati wa vipindi. Watoto hawaumwi wakati wa mapumziko tu. Wakati wa mapumziko wanajificha wasionekane wakiingia.

Ninachotaka ni hiki. Kikao cha nidhamu kifutwe. Akae mbele, alama zake ziwe zozote, na mwalimu aite majina akiwatazama watu. Na wale wengine waliopangwa ukutani, nataka kuwaona mmoja mmoja. Sijui ni nani mwingine pale nyuma asiyesikia, asiyeona ubao, au asiyekula. Nawe hujui. Hapo tuko sawa.

Uamuzi wa baba yake bado upo mezani kwako. Huo siwezi kuufuta mimi. Anayeweza ni yeye tu.

Mwalimu wa Ushauri Nasaha


Kambi ya visima
Tarehe 19 Aprili

Kwa: Mkuu wa Shule
Nakala: Mwalimu wa Ushauri Nasaha, ambaye ni dada yangu, na ambaye nilimwambia neno nisiloweza kuliandika mara ya pili. Nitakuja kumwomba radhi nikiwa nimeketi mbele yake, niuone mdomo wake akinitukana.

Mheshimiwa,

Mimi ni baba wa mwanafunzi uliyemwita mtoro. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba namtoa shule. Barua hiyo ichane. Kama umeiweka kwenye faili, fungua faili uichane.

Sikuandikii kukushukuru. Uliniandikia mara mbili kunieleza jinsi mtoto wangu alivyo, na mara zote mbili ulikuwa hujamtazama. Nami nilikuamini kwa sababu ulisema niliyokuwa nayaogopa tayari. Hilo langu nitalibeba mwenyewe. Lako libebe wewe.

Atakaa mbele. Simwombei hisani, nakuambia. Mwalimu akimwita ageuke amtazame, ubao hauna masikio wala hauitiki. Akishuka alama, abaki mbele. Akipanda, abaki mbele. Hicho kifaa alichosema daktari nitakileta, na mwanafunzi wa kwanza kumcheka atamkuta baba wa Wakili getini, na jina langu la utani ni Ngurumo, ulizia.

Na chumba cha dada yangu kiwe wazi. Niliwahi kumwambia hakuna mlango ambao mtoto wangu ataingia mimi nibaki nje. Sasa nasema, kiwe wazi kwake, na mimi nibaki nje. Jiografia mtafutie mtu mwingine.

Utashangaa fundi wa visima anayajulia wapi mambo ya masikio. Jana asubuhi nilikwenda kwa msimamizi wangu, nikamwambia jambo ambalo nimelificha misimu mingi. Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza, ameniondoa tu kwenye mtambo. Leo niko stoo nahesabu mabomba, na vijana wanapita wakinionyesha kwa vidole, wakidhani siwaoni. Ni uchungu. Lakini binti yangu alifyeka uwanja mzima akiwa na uchungu huo, peke yake, na hakuna aliyemwambia pole isipokuwa shangazi yake.

Nategemea jibu lako kabla shule hazijafunguliwa. Ukitaka kunijibu, andika. Usinipigie simu.

Sisikii.

Baba wa Wakili